Mkalimani na Neno Alilolikataa

Mkalimani hakutafsiri akiwa amekaa hata siku moja. Daktari wa zahanati alimvutia kiti, askari wa getini alimvutia kiti, mchungaji alimpa hata kile cha wageni chenye mto. Yeye alishukuru, akaweka mkoba wake juu ya kiti, kisha akasimama kando, mikono nyuma. Alisema mtu akikaa maneno yanalala tumboni. Mimi nilikuwa fundi cherehani pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, nyumba yangu na yake zikishikana ukuta, na kwa miaka mingi nilimsikia kuliko nilivyomwona, maana ukuta wa udongo hauzuii sauti ya mtu kama yule.

Sisi wa Uvira, Kongo, tulimwita Mkalimani. Watu wa Fizi walimwita Mama Enteprete, neno lilelile kwa Kifaransa, na watoto wao walidhani hilo ndilo jina alilobatizwa. Alitoka Bukavu mjini. Alikuwa na Kifaransa cha shule, Kiswahili chetu sote, Kirundi na Kinyarwanda, na Kichewa alichokiokota akibishania nyanya. Kiingereza alijifunzia kambini kwa kusikiliza mahubiri, kwa hiyo kwa muda mrefu aliwasalimu wageni wa mashirika kama nabii aliyeshuka mlimani. Hawakucheka. Nadhani walidhani ndivyo wasomi wa Bukavu wanavyosema.

Kazini alikuwa mkali kama wembe mpya. Wakati mmoja wanaume wawili waligombania mpaka wa viwanja vyao, mmoja Mrundi, mwingine wa kwetu. Mrundi alitoa tusi refu lenye shangazi za watu ndani yake. Mzee wa kanisa aliyekuwa akisuluhisha akamnong'oneza Mkalimani, "Mama, hiyo iache. Utawasha moto."

Hakuiacha. Alilitafsiri tusi lote, shangazi mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ileile ambayo angesomea tangazo la maji. Yule wa kwetu alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama Mrundi, kisha akaangua kicheko, na Mrundi naye akashindwa kujizuia. Nikamuuliza baadaye kwa nini hakumsikiliza mzee.

"Tusi ya mutu ni mali yake," akanijibu. "Mi siwezi kumuibia."

Lakini nje ya kazi alikuwa mwongo wa kufurahisha kuliko wote niliowajua. Mbuzi mmoja akiingia kanisani Jumapili, Jumatatu kisimani mbuzi walikuwa kundi zima, na Jumatano mmoja wao alikuwa amekula sadaka. Nilimwambia hivi viwili havikai pamoja, ukweli wa kazini na chumvi ya nyumbani. Hakuona ubaya wowote. Alisema mpishi naye, akirudi kwake, ana haki ya kula kwa mikono.

Nsima yake, ugali wa Malawi, ilikuwa na mabonge mpaka mwisho, na hakuona aibu kumkaribisha mtu kuila.

Jambo lililomwasha kuliko yote lilikuwa makampuni. Alikuwa na redio ndogo ya betri, na asubuhi aliiweka dirishani akisikiliza habari kwa Kifaransa. Habari za uchaguzi zilimpita. Habari za mpira zilimpita. Ila akisikia kwamba mahali fulani duniani watu wamekaa kuandika kanuni za kuyabana makampuni yaheshimu haki za watu, yajue mawe yanayoyanunua yamechimbwa na nani na kwa fimbo ya nani, hapo nilisikia mwiko ukianguka. Alitoka mbio na kitambaa cha kichwa kikining'inia, akaja mlangoni kwangu.

"Jirani, zima hiyo mashini. Baliongeza neno. Zamani balisema sosiete 'inaweza' kuuliza kama jiwe inatoka wapi. Sasa banasema 'inapaswa'. Unasikia? Inapaswa."

Nami nilikuwa na sare za kwaya za kumaliza. Nikamwambia inapaswa na inaweza zote hazinipi uzi.

Mchungaji wetu, mtu mpole wa Uvira, alimuuliza swali ambalo wengi tulikuwa nalo. "Mama, kanuni bila polisi inamufanyia mutu nini? Kule kwetu beko na bunduki. Hawa wa redio beko na karatasi."

Mkalimani alifikiri kidogo. "Kanuni nayo ni polisi, pasta," akasema. "Ila inatembea kwa miguu. Inachelewa."

Watu walicheka, na msemo ukabaki. Mtoto aliyeiba andazi aliambiwa polisi wa kwa miguu yuko njiani.

Alipenda simu yake kupita kiasi, ingawa alijua mawe ya kwetu yanaishia ndani ya simu. Nilimtania kwa hilo. Akasema simu haina kosa lolote, kosa ni la anayenunua jiwe huku amefumba macho, na yeye atapiga simu mpaka huyo afumbue.

Katika majirani zetu alikuwepo mama mmoja wa milima ya Fizi, tuliyemwita Mama Riziki. Alilima bustani ya mchicha nyuma ya nyumba na hakuwa msemaji. Wakati wa vita wenye bunduki walishika mlima wa kwao wenye mawe ya kasiteriti, yale ya kutoa bati. Kila juma kulikuwa na siku ya kuchimba bure kwa ajili ya komanda. Waliiita salongo, na asiyekwenda alipigwa. Wanaume walishuka mashimoni, wanawake walibeba magunia mgongoni mpaka kwenye uwanja mdogo wa ndege. Kampuni ya ng'ambo ilikuwa na mnunuzi wake palepale, mwenye mizani na kofia.

Siku moja, baada ya mvua kubwa, shimo lilipasuka ukingoni na wachimbaji wakakataa kushuka. Mnunuzi akasema ndege inangoja. Komanda akawashusha kwa mtutu. Shimo likawafunika, na mume wa Mama Riziki alikuwa ndani.

Kundi dogo la wanasheria wa Ulaya lilikuja Dzaleka kuwatafuta watu wa mlima ule. Walieleza kwamba katika nchi ilikoandikishwa kampuni ile kuna ofisi ya kupokea malalamiko. Ofisi hiyo haina mahakama wala pingu. Kazi yake ni kuwaita mwenye kampuni na aliyeumizwa wakae meza moja, kisha kuitangazia dunia kilichosemwa na kilichokubaliwa. Walikuwa wamekwisha kupeleka malalamiko, na kampuni ilikuwa imejibu kwamba kwenye mlima ule hakufa mtu.

Mama Riziki alipotafsiriwa jibu hilo aliuweka chini mchicha aliokuwa akiuchambua. Kisha akasema jambo ambalo hata Mkalimani hakulijua. Kaka yake, aliyebaki kule, alikuwa amepiga simu. Shimo lile linataka kufunguliwa tena kiangazi kikiingia.

"Banataka kuchimba palepale," alisema. "Bwana yangu iko ndani. Batamupitisha sepeto mu kifua, kisha bapakize jiwe yake mu ndege. Mi nitaenda kusema. Lakini jina ya kaka yangu isitoke, paske yeye iko kule."

Mkalimani alilitafsiri hilo kwa Kifaransa, na wanasheria wakaahidi kwamba kikao kitafanyika Lilongwe.

Majuma yale kambi nzima ilichemka. Watu ambao hawakuwahi kujali redio yake walikuja kuuliza siku itafika lini. Mimi nilimshonea Mama Riziki gauni la kitenge cha bluu, na Mkalimani nikamkaza koti lake la zamani. Mama Riziki aliomba niende naye, maana hakutaka kukaa chumbani bila mtu aliyemzoea. Basi asubuhi moja gari la wanasheria lilituchukua, tukapita mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mpaka Lilongwe, mpaka City Centre, kwenye majengo ya benki na balozi ambako hata vumbi linafagiliwa.

Chumba kilikuwa na meza ndefu na ubaridi wa mashine. Mwisho wa meza alikaa msuluhishi, mama wa Kizungu mwenye nywele fupi za mvi. Upande mmoja tulikaa sisi na wanasheria wetu. Upande wa pili alikaa mkubwa mmoja wa kampuni, mwenye ndevu za kijivu, na avoka wake kijana, yaani wakili wake. Mkalimani alivutiwa kiti, akaweka mkoba juu yake, akasimama.

Mama Riziki alisema yote. Alisema polepole, akisimama kila baada ya sentensi, na Mkalimani alibeba kila neno mpaka ng'ambo bila kumwaga. Alisema mvua, ufa, mtutu, kofia ya mnunuzi, ndege inangoja. Alipomaliza alifuta mikono kwenye gauni kama aliyetoka shambani.

Avoka kijana akafungua kinywa. Kifaransa changu ni cha sokoni, lakini nilikifuata, na kilichonipita Mkalimani alinieleza baadaye. Alisema: "Kampuni inasikitishwa na matukio yaliyojitokeza katika mazingira ya kazi."

Mkalimani akaanza. "Sosiete inasikitika juu ya..."

Akanyamaza.

Tulingoja. Sikuwahi kumsikia akikwama, si kwa ugonjwa wa mtu, si kwa tusi, si kwa Biblia. Msuluhishi akainua kichwa, akamuuliza kama kuna shida.

"Iko moja, bibi," akajibu kwa Kifaransa. "Bwana amesema matukio. Nimetafuta, sina la kumpa mama huyu. Mvua ni tukio. Harusi ni tukio. Nikimwambia matukio ataniuliza yapi, nami sitajua la kumjibu, kwa sababu bwana hakuyasema. Aseme kilichotokea. Nitakitafsiri chote."

Avoka akawa mwekundu. "Tafsiri kama nilivyosema."

"Siwezi kumkabidhi mtu gunia tupu nikamwambia limejaa. Kazi yangu hainiruhusu."

Kisha, kwa kuwa hakutaka kumficha mtu lolote, akamgeukia Mama Riziki. "Mama, avoka anasema neno moja, mi sina yake kwa Kiswahili. Namuomba aseme bizuri."

Mama Riziki akamtazama yule kijana, wala si kwa hasira. "Muulize tu," akasema. "Bwana yangu alikufa ao hakukufa?"

Likatafsiriwa.

Yule wa ndevu za kijivu aliomba wapewe muda. Wakatoka, yeye na avoka wake, mlango ukafungwa. Tuliletewa Fanta na biskuti. Mama Riziki aliniuliza kwa sauti ndogo, "Bamekwenda kabisa?"

"Beko hapo inje," nikamwambia, maana niliviona viatu vyao chini ya mlango. Viatu vilikwenda, vikarudi, vikasimama vikitazamana. Mkalimani hakugusa Fanta. Ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa amehatarisha kila kitu: kikao, kazi yake, na shimo la yule mama. Kama wangeondoka, lawama ingekuwa yake.

Walirudi. Avoka hakukaa. Alisimama mbele ya Mama Riziki, upande wa pili wa meza, na karatasi yake akaiacha. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Wanaume waliogopa kushuka kwenye shimo, wakalazimishwa kwa bunduki. Mnunuzi wetu alikuwepo na alijua. Shimo likaanguka. Walikufa, na mume wako ni mmoja wao. Tuliandika kwamba hakufa mtu. Haikuwa kweli."

Mkalimani alitafsiri sentensi moja moja. Kwa neno "walikufa" sauti yake haikupanda wala kushuka, na sijui aliitoa wapi nguvu hiyo, kwa maana mimi nilikuwa tayari nimeuficha uso kwenye kanga.

Mama Riziki akasema, "Arudilie."

Avoka akarudilia, yote, kuanzia mwanzo. Nilimheshimu kwa hilo. Naye ni mtoto wa mtu, na hakuna aliyekuwa amemfundisha kusema hivyo.

Baada ya hapo mambo yakafunguka. Mama Riziki aliomba kitu kimoja: mawe ya mlima ule yasinunuliwe mpaka waliomo shimoni watolewe na kuzikwa. Walibishana kuhusu nani atakagua na kwa njia gani, msuluhishi akiandika, akifuta, akiandika tena, mpaka mchana ukatukuta na ukatuacha. Mwishowe yule wa ndevu alikubali, na akakubali jambo litangazwe.

Gari likatufikisha barabara ya Dowa. Hapo Mama Riziki akaanza kuimba wimbo wa kulimia wa kwao, tusiojua maneno yake, na tukaitikia hivyohivyo.

Usiku haukuwa umeingia vizuri nilipomsikia Mkalimani ng'ambo ya ukuta akiwasimulia watu. Kwanza avoka alitetemeka. Baada ya chai alikuwa amelia. Mpaka wageni wa mwisho wanaaga, alikuwa amezimia na kumwagiwa maji. Nikagonga ukuta. "Mkalimani, nilikuwepo."

"Bien," akasema, "we simulia ya kwako."

Mchungaji naye alitoa sehemu yake Jumapili. Alitangaza kutoka mimbarini kwamba polisi wa Mama Enteprete amefika, miguu ina vumbi, apewe maji. Kanisa zima likasimama.

Na mambo yakaendaje? Nisipambe. Komanda alipoona mawe ya pale hayana mnunuzi alihamia mlima mwingine, na huko nako kuna watu. Lakini shimo liliachwa. Jamaa wakalifukua kwa mikono yao. Kaka yake Mama Riziki alimtambua shemeji yake kwa mshipi wa ngozi aliojitengenezea mwenyewe, wakamzika kando ya shule. Simu hiyo tuliisikiliza wote mlangoni kwangu, na Mama Riziki alipokata aliniomba maji, akanywa, akaenda kumwagilia mchicha wake akiwa amenyooka kama mtu aliyetua mzigo.

Miaka ikapita. Mimi nilihamishia cherehani yangu Lilongwe, kwenye kibaraza cha duka Old Town, na Mkalimani tukawa tunapishana mara moja moja. Kule kwetu vita vilizima, vikawaka, vikazima, vikawaka tena, kwa majina mapya. Asubuhi moja nilikuwa sokoni Tsoka natafuta zipu, nikasikia sauti ninayoijua ikimbishia muuza nyanya kwa Kichewa. Alikuwa amezeeka. Sikio moja lilikuwa limeziba, akawa anazungumza kama mtu aliye juu ya paa. Alinikumbatia mpaka watu wa kabaza, baiskeli za kukodi, wakapiga kengele tuwapishe.

"Jirani, niko naenda City Centre," akasema. "Kuko mukutano mukubwa. Bageni ba inchi mingi. Banataka sheria sasa, si kanuni. Sheria kabisa, ya kuipeleka sosiete mu tribinali."

"Unaenda kutafsiri?"

"Apana. Sikio imechoka. Iko binti mumoja wa kambi, mi nilimufundisha. Yeye njo atatafsiri." Akashika kamba ya mkoba wake. "Atatafsiri mi."

Sikuelewa. Basi akanivuta pembeni, kati ya magunia ya maharage, akaniambia jambo ambalo ukuta wetu wa udongo haukuwahi kunipitishia. Kule Bukavu alikuwa akiwatafsiria wanunuzi wa mawe. Siku moja waliwaletea wachimbaji mkataba wa Kifaransa, wakamwambia awaeleze kwamba ni mapatano ya kujengewa shule. Yeye aliusoma, akawaambia wachimbaji ulivyo: wanasaini kuhama mlima wao. Kesho yake watu walikuja nyumbani kwake. Alitorokea dirishani na nguo alizovaa tu, na mdogo wake wa kiume, aliyebaki kufunga mlango, hakumwona tena.

"Na miaka hii yote hukusema," nikamwambia.

"Nitaisema lini? Kila siku kulikuwa mutu mbele yangu na ya kwake." Akatazama chini, yeye aliyesimama mbele ya maavoka. "Unajua enteprete anasemaka namna gani? Mama Riziki akisema 'mi nililia', na mi nasema 'mi nililia'. Kila mutu alikuwa 'mi'. Sasa leo ni ya kwangu, na sijui nitaianza namna gani."

"Anza na jina lako," nikamwambia. "Hapahapa. Nitakusikiliza."

Alitazama huku na huku. Muuza nyanya alikuwa akipanga mafungu yake. Mkalimani akavuta pumzi, akanyoosha koti.

"Mi," akaanza, kwa sauti ile ya juu ya paa, kisha akataja jina lake lote, la baba na la ubatizo, na muuza nyanya akageuka kuona ni nani anayeitwa.